Tope Lililotiwa Saruji

Mji wa Dodoma, uliotangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973 na ambao katika Sensa ya mwaka 2022 ulihesabiwa watu 765,179, unazidi kutanuka, na kata ya Mkonze, kama kata nyingine za pembezoni, inaota nyumba upesi kuliko mabomba ya majitaka. Ndiyo maana aghalabu kila ua una karo lake, nalo likijaa huitwa gari la kunyonya, likachukua shehena yake, na mwenye nyumba akasahau.

Tope lenyewe halisahau. Katika mabwawa ya majitaka linakomwagwa, mathalani yale ya Swaswa, jua na vijidudu huyasafisha maji, ilhali tope huzama chini likiwa na rutuba ambayo ardhi kame ya Ugogo inaitamani, na pamoja na rutuba hiyo huweza kuwamo risasi, zinki, shaba na kadimiamu zitokazo katika gereji, betri, rangi na mabomba. Kijidudu hufa kwa jua, metali haifi.

Katika nchi nyingine wataalamu wameona hila ya kulichanganya tope na saruji, likakauka, likapoteza uvundo, likatumika kama udongo wa kufukia mashimo au hata wa kupandia. Saruji hulitia tope ukali wa chokaa, na kwa ukali wa kadiri metali nyingi hugeuka chembe zisizoyeyuka. Lakini ukali ukipita kiasi, kipimo cha pH kikafika 12 na zaidi, risasi na zinki huyeyuka upya, na mabaki ya viumbe yaliyomo nayo huyeyuka, maji yakawa kama chai ya rangi, yakiondoka na shaba. Ajabu ya dawa hii ni kwamba kuizidisha ni kuiharibu.

Wala kifungo hicho cha metali si cha milele. Mvua ya Dodoma, takriban milimita 570 kwa mwaka, hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Kisha huja kiangazi kirefu kinachopasua mabonge, hewa ikapenya ndani, na gesi ya kaboni iliyomo hewani ikapooza ule ukali hadi karibu na pH 8. Na udongo ukizidi kuchachuka baadaye, kadimiamu huwa nyepesi kuingia katika mmea. Madhara yake Wajapani wanayajua: katika bonde la mto Jinzu kadimiamu ya mgodini iliingia katika mpunga, na mwaka 1968 serikali yao ikakiri kwamba ndiyo iliyowavunja watu mifupa.

Kipimo cha kujua metali zinazoyeyuka kipo, wala si kigumu: udongo huo hutikiswa saa 24 katika maji yenye uzito mara kumi ya wake, kisha maji yakachujwa na kupimwa metali. Kwa rai yangu, kipimo cha tope lililotoka tu kutiwa saruji peke yake hakitoshi. Lipimwe pia likisha kupoozwa na hewa, maana ndivyo litakavyokaa shambani miaka mingi. Basi, ndugu msomaji, siku utakapoletewa udongo wa namna hii kwa bei ya chini, dai kwanza uoneshwe vipimo vyote viwili. Visipokuwapo, ufukie shimo lililo mbali na kisima, na mchicha wako uupande penginepo.