Springi chakavu yampa mfua chuma wa Songea kazi, akijua kuitia matiko

WAHENGA walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kwa mkulima wa Ruvuma, kisu kisichoshika makali humchelewesha kuchuna mnyama, kukata kamba za magunia na kusafisha kingo za shamba, na kila msimu humrudisha sokoni kununua kingine.

Wakati huohuo, chuma kinachofaa kwa kisu kizuri hulala nyuma ya gereji. Malori yanayobeba mahindi ya Songea na kahawa ya Mbinga hupita njia za vumbi na mashimo, na springi zake huvunjika. Vipande vyake huishia kuuzwa kwa kilo pamoja na makopo na mabati. Kwa fundi anayeijua kazi yake, kipande cha shubiri moja na nusu kinatosha kutengeneza kisu cha mwindaji.

Kisu hicho ni kifupi, makali yake yana urefu wa sentimeta 10 hadi 12, kinene mgongoni, na mkia wake huingia ndani ya mpini. Licha ya jina lake, humfaa pia mchinjaji, mfugaji na mrina asali. Anayekitaka kwa uwindaji wenyewe akumbuke kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni.

Ufundi wa chuma si mgeni Kusini. Wapangwa wa Ludewa, milima ya jirani, waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyofika kwa majirani zao, kabla majembe ya viwandani hayajajaa madukani. Kilichobadilika ni kwamba mhunzi wa leo hana haja ya kuyeyusha mawe. Chuma kipo tayari, ila anapaswa kujua kukichagua.

Si kila chuma ni cha kisu

Hapa ndipo wengi hukosea. Kisu cha nondo na kisu cha springi hufanana siku ya kununua. Tofauti huonekana baada ya wiki moja ya kazi. Siri iko kwenye kaboni. Springi ya gari ina kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, na kwa hiyo hukaza ikipashwa moto na kupozwa ghafla. Nondo ya kawaida mara nyingi iko chini ya asilimia 0.3. Hata ikinolewa vipi, makali yake hulala upesi. Tupa iliyochakaa ina kaboni nyingi zaidi ya springi, lakini huvunjika kirahisi isipolegezwa vizuri.

Asiyejua asili ya chuma chake akijaribu kwanza. Akate kipande kidogo, akipashe hadi kiwe chekundu cha kung'aa, akitumbukize kwenye maji, kisha akikwaruze kwa tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma hicho kinakaza. Ikiuma, akiache kwa ajili ya bawaba na komeo.

Springi iliyovunjika huwa na nyufa ndogo karibu na pale ilipovunjikia, hivyo sehemu hiyo itupwe. Kwa kisu, springi ya pikapu ni afadhali kuliko ya lori, maana ni nyembamba na humpunguzia fundi mkaa na nyundo. Bomba na vyuma vilivyopakwa zinki visiingizwe motoni, kwa kuwa moshi wake huleta homa. Reli, alama za barabarani na vyuma vya nguzo za umeme ni mali ya umma, na fundi anayevinunua hujitafutia kesi.

Moto, nyundo na sumaku

Chuma hufuliwa kikiwa na rangi ya machungwa. Kikirudi wekundu uliofifia, kirudishwe motoni, kwani kukigonga kikiwa baridi hukipasua. Kikianza kutoa cheche nyeupe ndani ya mkaa, kimeungua na hakifai tena.

Umbo likipatikana, kisu husawazishwa kwa tupa, lakini upande wa makali uachwe na unene wa milimita moja hivi. Ukiwa mwembamba zaidi, utapinda au kuungua wakati wa kutia matiko. Kisha kisu kipashwe moto na kuachwa kipoe chenyewe hewani, mara mbili au tatu, ili kutuliza chuma kilichosumbuliwa na nyundo.

Hatua inayouza kisu

Kutia matiko, yaani kukikaza chuma, huchukua sekunde chache, lakini ndiko kunakoamua thamani ya kazi yote. Fundi asiye na kipimajoto atumie sumaku: chuma kikifika nyuzi 770 hivi za Sentigredi, sumaku hainati tena. Akiongeze moto kidogo, kisha akitumbukize wima, ncha ikitangulia, kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 hivi. Maji hupoza springi kwa ghafla mno na mara nyingi huipasua. Mafuta yawe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, nje ya nyumba, kwa sababu yanaweza kuwaka.

Kisu kilichotoka hapo ni kigumu lakini chepesi kuvunjika, kwa hiyo lazima kilegezwe kidogo. Kisuguliwe hadi king'ae, mgongo wake ulazwe juu ya chuma kinene chenye moto, na fundi aangalie rangi. Manjano ya nyasi kavu yakifika kwenye makali, akipoze mara moja. Panga, ambalo hupigwa kwa nguvu, liachwe hadi rangi ya zambarau. Wakati wa kunoa kwa mashine, kisu kichovywe majini mara kwa mara. Makali yakigeuka buluu, matiko yamepotea.

Hesabu ya fundi

Mafundi wengi huhesabu chuma na mkaa na kusahau siku yao. Chukua mfano: chuma, mkaa, mafuta na mpini vimegharimu Sh 6,000, na siku moja ya kazi inahesabiwa Sh 10,000. Kisu kikiuzwa Sh 12,000, fundi amepata hasara ya Sh 4,000 ingawa ameshika noti mkononi. Kikipasuka kimoja kati ya vitano, gharama ya vyote, Sh 80,000, hubebwa na vinne vilivyobaki, yaani Sh 20,000 kwa kila kimoja kabla ya faida. Kwa hiyo sumaku na mafuta vuguvugu ni sehemu ya biashara.

Anayetaka kujifunza zaidi hana haja ya kwenda mbali. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, ina ofisi Songea, na Peramiho, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1898, kuna chuo cha ufundi.

Naye mnunuzi asidanganywe na mng'aro. Aende sokoni na tupa ndogo na kuomba kuipitisha polepole kwenye makali. Ikiuma kama kwenye msumari, akirudishe kisu mezani. Fundi anayejiamini hatakataa jaribio hilo.