Tope la Bwawa na Usalama wa Maji ya Kunywa: Mwongozo kwa Watumiaji wa Maji wa Milima ya Usambara

Katika Milima ya Usambara, shamba na chanzo cha maji ni majirani. Mabonde ya Lushoto, Soni, Mlalo na Lukozi hulimwa kabichi, karoti, nyanya na viazi mviringo karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mazao hayo huteremshwa hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Mashamba hayo hutiwa samadi, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia. Chini ya miteremko yake zipo chemchemi, visima vifupi, mabwawa ya kumwagilia na mabwawa ya samaki ambayo wananchi hao hao huyatumia.

Katika sehemu hii ya kijitabu tunaeleza safari ya kirutubisho kimoja cha mbolea, yaani naitrojeni, kutoka shambani hadi kwenye tope lililo chini ya bwawa. Tunafanya hivyo kwa sababu kirutubisho hicho kikifika katika maji ya kunywa kwa wingi, kinaweza kumdhuru mtoto mchanga, na kuchemsha maji hakukiondoi.

Naitrojeni ni nyingi kiasi gani?

Mfuko mmoja wa urea wenye kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mimea haiitumii yote. Mara nyingi karibu nusu hubaki udongoni, hupotea hewani au husombwa na maji. Udongoni, bakteria huigeuza kuwa chumvi iitwayo naitreti, ambayo huyeyuka kwa urahisi na kufuata maji popote yaendapo. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti katika kila lita ya maji ya kunywa. Kwa hesabu rahisi, sehemu moja tu ya kumi ya naitrojeni ya mfuko huo, ikigeuka naitreti na kuingia majini, yatosha kufikisha takribani lita 200,000 za maji safi kwenye ukomo huo.

Mvua za masika na vuli huongeza mwendo wa safari hii. Mbolea ya kukuzia iliyomwagwa siku moja kabla ya mvua kubwa kwenye mteremko mkali haina muda wa kuufaidi mmea.

Kinachotendeka ndani ya tope

Maji ya mlimani hayaishii mlimani. Mto Umba huanzia Usambara Magharibi, huingia Kenya na kumwaga Bahari ya Hindi karibu na Vanga. Mto Zigi hutoka Usambara Mashariki hadi Bwawa la Mabayani, ambalo ni chanzo cha maji ya Jiji la Tanga. Kila mahali maji yanapopunguza mwendo, iwe kidimbwi, kinamasi au bwawa, udongo na majani yaliyooza hutua chini na kuwa mashapo. Ndani ya mashapo hayo wapo bakteria wanaofanya kazi kwa zamu.

Zamu ya kwanza huwa juu kabisa ya tope, mahali ambapo oksijeni ya maji bado inafika. Tabaka hilo mara nyingi lina unene wa milimita chache tu. Hapo kundi moja la bakteria hugeuza amonia inayotokana na samadi, mkojo na mabaki ya mimea kuwa naitraiti. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alionesha kazi ya bakteria hao mwishoni mwa karne ya 19.

Zamu ya pili huwa chini kidogo, mahali pasipo na oksijeni. Bakteria wa hapo huhitaji kitu cha kuwasaidia kupumua, nao hutumia naitreti badala ya oksijeni. Wanapokula mabaki ya majani, huvunja naitreti hatua kwa hatua mpaka iwe gesi ya naitrojeni, ambayo hupanda na kurudi angani bila madhara. Hewa tunayoivuta ina asilimia 78 ya gesi hiyo. Kazi ikikatizwa njiani hutoka gesi nyingine, oksidi ya naitrasi, ambayo huhifadhi joto angani takribani mara 270 kuliko kiasi kilekile cha hewa ya ukaa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Uholanzi waligundua pia bakteria wanaounganisha amonia na naitraiti moja kwa moja na kutoa gesi ya naitrojeni.

Kwa hiyo tope lenye afya ni mtambo wa kusafisha maji usiolipiwa ankara. Lakini lina masharti manne: oksijeni juu, ukosefu wa oksijeni chini, chakula cha majani yaliyooza, na muda. Matete na mafunjo husaidia kwa sababu mizizi yake hupeleka hewa ndani ya tope, na mashina yake hupunguza kasi ya maji.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitarajii. Chemchemi angavu iliyo chini ya shamba la mboga inaweza kuwa na naitreti nyingi kuliko bwawa la jirani lenye rangi ya udongo, kwa kuwa maji yake hayakupita katika tope la namna hiyo. Hatusemi kwamba unywe maji ya bwawa. Hayo yana vijidudu vya maradhi. Tunasema kwamba uangavu wa maji si cheti cha usalama.

Tope linapozidiwa

Mtambo huu una kikomo. Virutubisho vikizidi, mwani hustawi, hufa na kuzama. Kuoza kwake humaliza oksijeni hata juu ya tope. Hapo zamu ya kwanza husimama: amonia haigeuzwi tena kuwa naitreti, bali hujikusanya na kuwaumiza samaki. Kwa kuwa hakuna naitreti mpya, zamu ya pili nayo hukosa malighafi. Wakati huohuo tope huachia fosforasi lililokuwa limeishika, nayo hulisha mwani mwingine. Bwawa huanza kujirutubisha lenyewe, hata mbolea mpya isipoingia.

Mfano mkubwa tulio nao ni Ziwa Viktoria. Kuanzia miaka ya 1960 maji yake ya kina yalizidi kupungukiwa oksijeni, na mwani wa kijani-bluu ukaongezeka. Baadhi ya mwani huo huchukua naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani, hivyo haukomeshwi na kazi ya bakteria wa tope. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji lilianza kuenea huko. Ikiwa ziwa lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800 linaweza kuzidiwa, bwawa dogo la kijiji huzidiwa upesi zaidi.

Maana yake kwa afya

Naitreti haina rangi, harufu wala ladha katika viwango hivi. Mwilini mwa mtoto mchanga hugeuka naitraiti, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1945 kwa watoto waliokuwa wakinyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi 6. Dalili ni midomo, fizi, ulimi au kucha kuwa na rangi ya bluu au kijivu, na mtoto kuhema kwa shida. Ukiziona, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini naitreti hubaki, na maji yakipungua huzidi kukolea. Lita 5 zenye miligramu 44 kwa lita, zikichemka mpaka zikabaki lita 4, zitakuwa na miligramu 55, yaani juu ya ukomo. Dawa ya klorini na kuchuja kwa kitambaa havisaidii pia.

Mambo ya kufanya

1. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Akilazimika kupewa maziwa mengine, tumia maji yaliyopimwa naitreti.
2. Endelea kuchemsha maji ya kunywa, lakini yakishachemka vizuri, yaipue. Usiyaache yapungue jikoni.
3. Usitumie maji ya kijani au yenye utando wa mwani kwa kunywa wala kupikia. Baadhi ya mwani huo una sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha.
4. Gawa mbolea ya kukuzia kidogo kidogo, uifukie, na usiiweke mvua kubwa inapokaribia. Lundo la samadi liwe mbali na chemchemi na upande wa chini yake.
5. Usifyeke matete yote ya kijito na bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya chanzo, ndani ya mita 60 za kingo za mito na mabwawa.

Haki yako kama mtumiaji

Muulize mtoa huduma wako maji yalipimwa lini, na naitreti ilikuwa miligramu ngapi kwa lita. Jibu la "maji ni salama" bila tarakimu halijitoshelezi. Uliza pia kama kipimo kilifanywa kiangazi au baada ya mvua, kwani matokeo yanaweza kutofautiana. Kijijini, anza na Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii, kisha ofisi ya RUWASA ya wilaya. Mjini, wasilisha swali kwa mamlaka ya maji kwa maandishi na utunze nakala. Usiporidhika, utuletee nakala hiyo pamoja na majibu uliyopewa, nasi tutalifuatilia.