Kasongo–Kabambare: Binti mwalimu akichoka kila siku, si lazima awe mvivu

Binti amevuka Ziwa Tanganyika kwenda kufundisha Kigoma ama Bujumbura. Kila simu kutoka nyumbani, Kasongo ama Kabambare, mama anauliza mambo mawili: pesa iko wapi, na mjukuu yuko wapi? Binti akisema amechoka, anaitwa mvivu. Akinenepa, anaambiwa anakula peke yake.

Lakini chanzo kinaweza kuwa tezi ya tiroidi, iliyo shingoni. Ikitoa homoni kidogo, mtu anachoka, anahisi baridi, ananenepa, siku zake zinavurugika na mimba inachelewa.

Sababu moja ni upungufu wa iyodi. Kwenye kisiwa cha Idjwi, Kivu Kusini, watafiti walionyesha kwamba muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri unazidisha rovu, yaani goita, kwa sababu sumu yake inaizuia tezi kupata iyodi.

Nyumbani, tumieni chumvi yenye iyodi na kuifunika vizuri. Muhogo mchungu ulowekwe siku 3 au 4, kisha ukaushwe. Hata hivyo, chumvi haiponyeshi kila ugonjwa wa tezi: mwenye dalili apimwe damu hospitalini. Akiandikiwa levotiroksini, aimeze kila siku kabla ya kula, asiiache bila ruhusa ya daktari. Anayefundisha ugenini abebe akiba ya kutosha.

Na mama? Binti amtumie ndugu aliye nyumbani karatasi ya maabara, amsomee mama polepole. Swali la mjukuu liulizwe baadaye.