Usukani Ukianza Kuwa Mzito, Usikimbilie Kununua Pampu

Wiki hii naweka kando mbolea na dawa, nazungumzia usukani. Najua kuna atakayeuliza bwana shamba kaingiaje gereji. Nimeingia kwa sababu tungule ikishaiva haingoji mtu, na kwa kijana anayelima kibiashara hapa Chake, gari ni zana ya shamba kama mashine ya maji. Ikilala, mzigo unaoza.

Usukani hauwi mzito kwa siku moja. Uzito unakuja kidogo kidogo na mikono inauzoea, kwa hiyo wewe unayeendesha kila siku ndiye utakayechelewa kujua. Mpe mwenzako ambaye hajaishika gari hiyo miezi kadhaa, azungushe mara moja tu, atakwambia. Halafu jiulize unakuwa mzito wakati gani: ukiegesha tu, au hata ukiwa njiani? Upande mmoja au pande zote? Na ukishatoka kwenye kona, unarudi wenyewe au mpaka uurudishe? Majibu hayo yana thamani kuliko kumwambia fundi "usukani una matatizo".

Anza na upepo wa tairi za mbele. Ukipungua, mpira mwingi zaidi unalala chini na kuugeuza kunataka nguvu. Gari zetu nyingi zimekuja zimeshatumika Japani, na kibandiko cha upepo kwenye mlango wa dereva huwa kimeandikwa kwa kPa, wakati geji ya kijana wa pancha inasoma PSI. Gawa kwa 7 utapata karibu na ukweli. 200 kPa ni kama PSI 29. Wako pia wanaofunga tairi pana kuliko za kiwandani ili wapite matope ya masika. Hao uzito wameununua wenyewe.

Upepo uko sawa? Tazama oili ya pawa. Oili hii haiungui kama petroli. Ikipungua, ujue inavuja, na kuijaza kila wiki bila kutafuta inapotokea ni kumwagilia shamba kwa mpira uliotoboka. Ikiwa na povu, inavuta hewa mahali. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka. Toyota nyingi hutumia ATF, Honda ina oili yake, basi soma kifuniko kwanza. Oili ya breki usiithubutu humo, inaharibu mipira ya ndani.

Kama usukani ni mzito ukiegesha, gari inapiga kelele kali unapokata kona hasa asubuhi ya mvua, kisha unalegea ukikanyaga mafuta, shuku belti. Imelegea, inateleza. Kuikaza ni kazi ya dakika chache, na bei ya belti mpya haikaribii ya pampu.

Sasa hapo kwenye pampu ndipo vijana wanapoliwa. Mlima matikiti mmoja wa Vitongoji aliambiwa anunue pampu, na spea yenyewe ingoje meli kutoka Unguja. Nikamwambia kwanza tuinue gari. Tuliiweka pahala pagumu pasipo mteremko, mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, jeki mbele mpaka tairi zote mbili zikaachana na ardhi, injini imezimwa. (Chini ya gari iliyo juu ya jeki tu mtu haingii.) Ukizungusha usukani namna hiyo, unatakiwa uende sawasawa kulia na kushoto. Wake ulikuwa unakwama kwama. Tairi ziko hewani, pampu haifanyi kazi, na bado unakwama! Basi tatizo si pampu. Raba za boli jointi zilikuwa zimepasuka, grisi imekauka, ndani kutu tupu.

Kutu hiyo kwetu Pemba haishangazi. Tumezungukwa na bahari, na wengine mnabeba mwani mbichi, maji ya chumvi yanachuruzika mpaka kwenye chesisi. Ukishashusha, osha chini ya gari kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Kila ukiosha, pitisha jicho kwenye zile raba. Ikipasuka moja, ibadilishe kabla chumvi haijaingia.

Kirikuu nyengine hazina pawa kabisa, na nyengine pawa yake ni ya umeme, hazina oili. Hizo angalia taa ya dashibodi na afya ya betri. Ukizungusha sana huku gari imesimama, mota inapata joto na kupunguza msaada, iache ipoe.

La mwisho ni la barabara ya Mkoani na miteremko yake. Kuna mtindo wa kuzima injini ili kubana mafuta. Ukizima, pawa inakwenda, breki nazo zinakuwa ngumu, na ufunguo ukirudi mpaka mwisho usukani unaweza kujifunga, wewe una magunia ya karafuu nyuma. Pawa ikikatika yenyewe ukiwa njiani, usukani bado umeungana na magurudumu: shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, toka pembeni, ufungue boneti. Oili ikiwa imekwisha, gari isiondoke na mzigo mpaka ujue ilikopitia.