Siwa: Sauti ya Bandari, Pembe ya Bara

Wapo wanaodhani sanaa ya sauti ni kitu kigeni, eti mpaka uwe na vipaza sauti. Sivyo. Tazama siwa mbili zilizomo katika Makumbusho ya Lamu: ya Pate ni ya pembe ya ndovu, yapita meta 2 kwa urefu, ya Lamu ni ya shaba. Tundu la kupulizia liko ubavuni. Ilipulizwa katika harusi za waungwana, na mlio wake, bila neno hata moja, ulitangaza nani ni nani mjini. Sasa zimenyamaza, nasi twahakiki nakshi tu! Ni kama kuhakiki utenzi kwa kuhesabu mizani bila kuusikia ukighaniwa.

Msomaji wa Kilema atauliza: sisi wa migombani yatuhusu nini? Basi, Rebmann alipofika Kilema kwa Mangi Masaki mwaka 1848, alifuata njia ambayo misafara ya pwani ilikwisha kuizoea, ikitafuta pembe. Sidai siwa ya Pate ilitoka mlimani kwetu. Ila ndovu haishi bandarini. Maonyesho ya sauti za bandari yakiandaliwa, yaanzie huku bara, kwenye nyayo za wapagazi.