Je, Wajua? Paa la Pemba Hutengenezwa Wakati wa Kaskazi

Kwamba Pemba hunyeshewa zaidi kuliko Unguja? Kwa mwaka hupata takriban milimita 1,900, na sehemu kubwa humwagika masika, kati ya Machi na Mei. Ndiyo maana fundi wa kuezeka hutafutwa mapema, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali. (Kwenye siasa, kukalia kuti kavu ni balaa; juu ya paa, kuti kavu ndilo linalotakiwa.)

Ukaguzi wa paa la makuti hauhitaji ngazi. Saa sita mchana funga mlango na madirisha, kisha tazama juu. Panapong'aa kijinyota cha mwanga, hapo ndipo patakapotona. Fundi huinua safu, akachomeka kuti jipya la viungo na kulifunga kwa kamba. Makuti yakibanana na paa likiwa na mwinamo mkali, maji huteleza kabla hayajapenya. Ya jikoni hudumu zaidi, kwa kuwa moshi wa kuni hufukuza wadudu.

Mabati nayo yana yake. Chumvi ya bahari huyala, na raba chini ya kichwa cha msumari ikikatika, hata bati jipya litavuja.

Halafu kuna upepo, adui mwingine wa paa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ikanusurika. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa za Pemba. Mei 2024 kimbunga Hidaya nacho kilitua Mafia, kusini zaidi.