Miguu Inavyoupunguzia Moyo Kazi: Utangulizi

Huenda unajiuliza: moyo ulio mgonjwa si ungeachwa upumzike? Usione haya, madaktari wenyewe waliamini hivyo kwa muda mrefu. Aliyepata shambulio la moyo, yaani sehemu ya msuli wa moyo kufa kwa kukosa damu, alilazwa kitandani kwa majuma mengi. Mwaka 1952, huko Boston, Samuel Levine na Bernard Lown walichapisha habari za wagonjwa waliokalishwa kitini mapema. Kiti tu, wala si mbio!

Mwaka 1966 vijana watano wenye afya walilazwa majuma matatu mjini Dallas. Walipimwa kilele cha oksijeni: kiasi kikubwa kabisa ambacho mwili hutumia kwa dakika mtu anapojitahidi hadi mwisho wa nguvu zake. Kilishuka kwa zaidi ya robo. Ikiwa kitanda kiliwafanya hivyo wazima, mgonjwa je?

Sasa tuje kwenye msingi, nami nakuomba usiupite haraka. Moyo ni pampu, na pampu huenda kwa kadiri ya mahitaji ya wanaotumia maji. Misuli ya miguu ikizoezwa, huchota oksijeni zaidi katika damu ileile, na mishipa hutanuka kwa wepesi. Basi kwa ngazi zilezile za ghorofa, moyo hupiga mara chache zaidi. Mwenye anjina, maumivu ya kifua yatokanayo na msuli wa moyo kupungukiwa oksijeni, hufika juu bila kubanwa kama zamani. Wengi hudhani mazoezi yamezibua mshipa. Kwa kawaida kizibo kipo palepale. Kilichopungua ni mzigo.

Hata wenye moyo dhaifu, usiosukuma damu ya kutosha, wamo katika wanaofaa kufanya mazoezi. Utafiti uitwao HF-ACTION, uliotolewa mwaka 2009, uliwafuatilia wagonjwa 2,331. Vifo havikupungua kwa kiasi ambacho sisi wapenzi wa somo hili tungependa, lakini mazoezi hayakuwadhuru, na hali yao ya maisha iliboreka kidogo. Kidogo hicho, kwa mtu aliyekuwa akihema akivaa viatu, mimi sikidharau.

Kama mgonjwa ni wewe, pimwa kwanza na daktari akupe kiwango chako. Kisha tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Kifua kikibana, simama papo hapo. Maumivu yasipotulia, wahi hospitali.